Mbona kwetu kila kitu "hulia"? Maswali yenu kuhusu vitenzi vya sauti vya Kiingereza

Juma hili nimeweka kando maswali ya nyakati na vihusishi, kwa sababu ujumbe mwingi ulionifikia ulihusu jambo moja: jinsi Kiingereza kinavyotaja sauti. Nimefurahi, maana hapa nimeona wanafunzi wengi wakikata tamaa bure.

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa P.5 alileta zoezi la sauti za wanyama: mbwa, mbuzi, jogoo, punda, simba. Tukaandika "cries" kote, kwa kuwa mnyama hulia. Kalamu nyekundu ikapita kote. Tulikosea wapi? – Mama wa watoto watatu, Busia

Marahaba, mama. Kosa ni dogo: mlidhani "cry" ina upana wa kulia. Kwa Kiswahili mtoto analia, simu inalia, kengele inalia, breki zinalia, hata bunduki inalia, na hakuna anayeshangaa. "Cry" ni nyembamba zaidi. Kwa kawaida ni machozi, au mtu kupaza sauti kwa uchungu au kwa kuita. Majibu ya zoezi ni haya: mbwa "barks", mbuzi "bleats" na kondoo vilevile, jogoo "crows", punda "brays", simba "roars".

Ila nakuomba usimwache mtoto aamini kwamba Kiingereza ni tajiri na sisi ni maskini. Mbwa wetu hubweka, jogoo huwika, kuku aliyetaga hutetea, simba hunguruma. Waganda nao wana "okukookolima", kazi yake ni jogoo. Anza na maneno hayo ya nyumbani, kisha mpe la Kiingereza kama jina la pili la kitu anachokijua. Mtoto anayeamshwa na jogoo kila alfajiri hana haja ya kukariri "crow".

Tena mengi ya maneno hayo yameiga sauti yenyewe. "Moo" ni ng'ombe, "hiss" ni nyoka, "buzz" ni nyuki. Ayatamke kwa kuyavuta, atasikia. Ndivyo zilivyo tanakali zetu: alitumbukia chubwi, gunia likaanguka pu. Tofauti ni kwamba sisi mara nyingi huiacha tanakali isimame nyuma ya kitenzi, ilhali Kiingereza huifanya kitenzi kamili chenye wakati na nafsi.

Mkifika Kampala, mwonyeshe kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara wanaotua juu ya miti na majalalani. Ndege huyu karibu hana sauti ya kooni. Hugonganisha mdomo wake mkubwa, kwa-kwa-kwa-kwa, kama mtu anayegonga vipande viwili vya ubao. Kitenzi chake ni "clatter", kilekile cha masufuria yanayogongana jikoni. Nimewahi kusimama na darasa zima chini ya mti kusikiliza mdomo huo, na hakuna aliyelisahau neno hilo.

Kitabu cha shule kinasema "the cock crowed", lakini kanisani nimesikia "the cock crew". Lipi sahihi? – Mwanafunzi wa S.3, Tororo

Andika "crowed". "Crew" ni umbo la zamani, nalo limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale Petro anapomkana Yesu. Si kosa, limezeeka tu. Kwenye mtihani jihadhari zaidi na "ring": jana kengele "rang", na baada ya "has" ni "rung".

Mwalimu, mimi ni dereva wa lori, njia ya Malaba hadi Kampala. Tajiri wangu hajui Kiswahili, hutaka ripoti ya ubovu kwa Kiingereza. Nikiandika "the lorry is making noise", fundi hunipigia kuuliza "noise" gani. Nisaidie.

Ndugu dereva, swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu kwako neno sahihi ni uhai wa watu barabarani. "Noise" haimwambii fundi chochote. Nilikwenda kukaa asubuhi nzima katika gereji moja hapa Jinja ili nikujibu vizuri, nikamwomba fundi anisikilizishe kila ubovu uliokuwapo siku hiyo.

Breki zinazolia kwa sauti nyembamba, ndefu, zina-"squeal". Zikifika pale pa chuma kusaga chuma, ukaisikia sauti kwa mguu kama unavyoisikia kwa sikio, hiyo ni "grind", na usiendelee na safari. Injini inayogonga, ko-ko-ko, na kuzidi ukikanyaga mafuta, ni "knock". Hapa mafundi wetu na Waingereza wamekubaliana bila kuulizana, maana "knock" ndiyo kugonga, hata kwa mlango. Nati au kava lililolegea likawa linatikisika ni "rattle". Upepo wa breki ukivuja ni "hiss", yuleyule nyoka wa zoezi la P.5. Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma, na mvumo hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka: huo ni "hum". Springi kavu ya kiti ni "squeak", fupi na nyepesi kuliko "squeal". Panya naye husemwa hivyohivyo. Ukipiga honi, ume-"hoot".

Kisha sema wapi na lini. "The front brakes squeal when I slow down." Sentensi moja tu, na fundi anajua abebe vifaa gani.

Kwenye insha niliandika "A lorry passed making a loud noise." Mwalimu akafuta, akaandika "A lorry roared past." "Roar" si kunguruma? Imekuwaje sasa inatembea? – Mwanafunzi, Mbale

Imetembea kweli, na umefanya vizuri kushtuka. Kiswahili huupa mwendo kitenzi kikuu, na sauti hufuata kwa -ki-: lori lilipita likinguruma. Kiingereza hukipa kitenzi sauti, na mwendo ukabebwa na kijineno kidogo kama "past", "up" au "over". "The bodaboda roared up the hill": bodaboda ilipanda kilima ikinguruma. "The train rumbled over the bridge": treni ilivuka daraja ikirindima. Soma tena tafsiri zangu, utaona vitu vimebadilishana viti.

Kuna mpaka, na wengi huuvuka bila kujua. Sauti lazima izaliwe na mwendo wenyewe. Pale Murchison, Mto Nile unasongwa katika upenyo wa takriban mita 7 na kuporomoka mita 43 hivi. Ule mshindo ni wa maji yanayokwenda, kwa hiyo "the river thunders through the gap" ni Kiingereza safi. Mbwa akitoka uani huku akibweka, huwezi kusema "the dog barked out of the yard", kwa sababu kubweka hakuletwi na kukimbia. Sema "ran out barking". Na katika insha moja, mbili au tatu za namna hii zinatosha. Zikijaa, msomaji anachoka masikio.

Tofauti ya "whisper", "mumble", "mutter" na "murmur" ni ipi? Kamusi yangu inasema zote ni kunong'ona. – Muuguzi, Arua

Kamusi hiyo imekuangusha, dada. Weka vidole viwili kooni, useme jina lako kwa sauti ya kawaida. Koo linatetemeka. Sasa linong'one. Limetulia. Hiyo ndiyo "whisper", na ndiyo kunong'ona pekee kati ya nne. "Mumble" ni kumumunya maneno: sauti ipo, mdomo haufunguki, husikii kitu. Mgonjwa mwenye maumivu ya taya hufanya hivyo. "Mutter" ni kusema chini chini, mara nyingi kwa kulalamika, na msemaji hajali kama umesikia. "Murmur" ni sauti laini isiyokatika, ya watu wengi au ya maji. Nawe kazini utaikuta ya moyo pia: daktari akiandika "heart murmur", amesikia mvumo usio wa kawaida kati ya mapigo.

Kwenye usaili wa kazi nilisema "I will beep you", mgeni akanikodolea macho. Kuna ubaya? – Mkazi wa Nakivale

Hakuna ubaya wowote. "Beep" ni ule mlio mfupi wa mashine. Sisi tulikichukua kitenzi hicho kwa simu ya kukata kabla haijapokelewa, ili mwenye salio apige, na Uganda nzima inaelewa. Mgeni hana maana hiyo. Mwambie "I'll give you a missed call".

"It sounds good" au "It sounds well"? – Mfanyabiashara, Kasese

"Good". Hapa "sound" haitendi kitu, inaeleza kilivyo, kama "is".

Na mimi nauliza: "I heard the door bang" au "banging"? – Msomaji, Jinja

Zote mbili sahihi, ila si sawa. "Bang" ni mshindo mmoja, umeusikia tangu mwanzo hadi mwisho. "Banging" ni mlango uliokuwa ukijibamiza tena na tena, wewe ukaukuta katikati. Kiswahili husema "nilisikia mlango ukijibamiza" kwa yote mawili, na ndiyo maana wanafunzi wetu hutumia -ing kila mahali. Jiulize: ilikuwa mara moja, au ilikuwa ikiendelea? Mvua ya usiku juu ya mabati ni "I heard the rain drumming on the roof". Ikikatika, ukasikia tone moja likidondoka ndani ya karai, hapo ni "I heard it drip".