Siku ya kutoa waya isikudanganye

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kliniki ya meno hapa Nakuru, siku niliyoipenda kuliko zote ni siku ya kutoa waya za kunyooshea meno. Mgonjwa anajitazama kwenye kioo, mama mtu anafuta machozi, mimi napiga picha. Picha ya msichana mmoja kutoka Gilgil nilikaa nayo kwenye simu, kila mgeni namwonyesha. Miaka miwili baadaye akarudi. Meno manne ya mbele, ya chini, yalikuwa yamebanana tena kama abiria wa matatu ya jioni. Ritena, kile kifaa cha kuvaa baada ya waya ili meno yasirudi yalikotoka, iko wapi? Nyumbani, kwenye kabati la mama. Yeye yuko bweni. Kosa lilikuwa langu. Habari za ritena nilikuwa nimempa kwa dakika mbili tu, siku ile ile ya shangwe, simu mkononi.

Wewe uliyeanza juzi kazi hii ya kliniki, anzia hapo. Jino husogea kwa sababu mfupa unaobanwa unaliwa, na upande wa nyuma unajengwa mwingine. Lakini nyuzi za ufizi zilizovutwa hukumbuka kwao, na huchukua miezi mingi kutulia, nyingine karibu mwaka mzima. Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo na kupangwa meno vizuri. Miaka 10 tangu waache ritena, takriban thuluthi mbili walikuwa na meno ya mbele ya chini yaliyobanana tena. Hiyo ilikuwa 1981, na wagonjwa wenyewe walitibiwa na mafundi hasa. Kwa hivyo mzazi akikuuliza, "Hii itakaa milele?" usiseme ndiyo. Mwambie ritena ni nusu ya matibabu, na umwambie siku ya kwanza, kabla hajalipa chochote.

Kuna kipimo cha Waingereza kinaitwa PAR, kinachotoa alama kwa jinsi meno yalivyokaa vibaya. Unapima modeli za plasta za meno ya kabla na baada: alama zikipungua kwa chini ya asilimia 30, inahesabiwa hakuna nafuu, hata kama mgonjwa anatabasamu. Jizoeze kupima. Macho yetu huipendelea kazi yetu.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na utawaona wenyewe: meno ya kahawia, mengine yana vishimo. Safu ya juu ya jino la namna hiyo haishiki vizuri asidi tunayopaka kabla ya gundi, kwa hivyo gundi nayo inashika kwa shingo upande. Breketi, vile vipande vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya, zinabanduka. Mimi nilikuwa nawagombeza watoto wa watu kwa mahindi ya kuchoma na miwa (na kweli wengine walikuwa wanakula), hadi daktari akaniambia nitazame rangi ya jino kabla sijafungua mdomo wangu. Uliza mtoto amekulia wapi, alikunywa maji gani. Andika kwenye faili.

Kinachorefusha matibabu kuliko yote ni miadi inayorukwa. Waya za miezi 18 hadi 24 zinageuka za miaka mitatu kwa sababu mtoto yuko bweni na anakuja likizo ya Aprili, Agosti na Desemba tu. Muda wote huo mswaki unapitishwa haraka haraka, na alama nyeupe kando ya breketi zinaweza kuanza ndani ya wiki nne. Niulize mimi: meno yaliyonyooka yenye madoa hayo hayamfurahishi mtu. Ufizi ukiwa unavuja damu, bora tungoje kwanza kabla ya kufunga waya.

Umri nao wazazi huuogopa bure. Mtoto wa miaka minane mwenye meno ya juu yaliyojitokeza, akianza sasa au akingoja ubalehe, mwishoni matokeo hayapishani sana. Faida ya kuanza mapema ni kwamba meno hayo hayavunjiki ovyo uwanjani. Ila taya za juu na chini zikikutana kombo, hapo usimwambie mzazi angoje. Mpeleke kwa daktari.

Mwanya? Usiuguse kabla ya kuuliza. Kijana mmoja alikuja na meno ya pembeni yamepandana, tukayapanga yote na kuufunga mwanya pia. Nyanya yake aliniuliza kwa upole kwa nini tumemwondolea mjukuu uzuri wake. Sikuwa na jibu.

Na nunua vikopo vya plastiki, vile vyenye kifuniko kinachobana. Ritena nyingi hapa zinapotelea hotelini: mtu anaifunga kwenye tishu, anakula chapati na maharagwe, mhudumu anapangusa meza, zote zinaingia pipani. Mpe mgonjwa kikopo siku ya kwanza, kikae mfukoni muda wote wa waya kabla hakijapata cha kubeba.