Kabla Baraza Halijapitisha: Ushauri kwa Wanaoanza Kuripoti Siasa za Mwanza

Kila mwaka vyuo vya hapa kwetu, kuanzia pale Nyegezi, hutoa vijana wengi waliosomea uandishi wa habari, na wengi wao wanapopangiwa dawati la siasa huamini kwamba kazi yao ni kumfuata mwanasiasa: kumsubiri ashuke kwenye gari, kunasa sauti yake, kuchagua sentensi kali na kuituma kwa mhariri kabla wenzao hawajaituma. Siidharau kazi hiyo, kwa kuwa wananchi wana haki ya kujua viongozi wao wanasema nini. Hata hivyo, miaka ya kukaa kwenye vikao vya halmashauri za mkoa huu imenifundisha kwamba mchango mkubwa wa mwandishi katika demokrasia uko kwingine, nao ni kumfikishia mpiga kura taarifa wakati bado ana nafasi ya kufanya nayo jambo. Mama lishe wa Buhongwa anayesikia habari za ushuru mpya siku mkusanyaji anaposimama mbele ya kibanda chake amekwisha kupata habari, lakini hakupata nafasi ya kumwuliza diwani wake swali lolote kabla diwani huyo hajaupitisha.

Kwa hiyo anzeni na kalenda ya maamuzi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti huketi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, ndiyo maana mgeni wa kazi hudhani kuwa bajeti ni habari ya Juni. Kwa upande wa halmashauri, iwe ya Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Misungwi au Ukerewe, mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa zamani. Mapendekezo huibuliwa kwenye mitaa na vijiji, hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, huchujwa na wataalamu na kamati za kudumu, kisha baraza la madiwani huyapitisha katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla hayajapelekwa mkoani na wizarani. Mwandishi anayejua mlolongo huo huanza kuuliza maswali Novemba na Desemba, wakati zahanati ya kata fulani ingali mstari mmoja kwenye rasimu ambao unaweza kufutwa au kuongezewa fedha. Msisahau pia kwamba sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Mkutano usiofanyika nao ni habari, tena ni habari ambayo hakuna ofisa habari atakayewaandikia taarifa kwa vyombo vya habari.

Hii si hoja ya mabaraza peke yake. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, kilikuwa kimeidhinishwa kubeba abiria 101. Idadi hiyo haikuwa siri kabla ya siku ile, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hili, ambao tulikuwa tumekwisha kuzika mamia ya watu wa MV Bukoba mwaka 1996, tulikuwa na kila sababu ya kuhesabu watu gatini siku za gulio na kuandika tulichokiona. Nalitaja jambo hili kwa sababu vyombo vyetu hujaa waandishi mahiri baada ya msiba, ilhali swali la kisiasa, yaani nani aliamua nini kuhusu usalama wa chombo na kwa fedha gani, lilipaswa kuulizwa wakati chombo kinaelea.

Sasa nije kwenye kabrasha. Kabla ya kila baraza la kawaida madiwani hugawiwa makabrasha, na ndani yake mna muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa za kamati, taarifa za kata na majedwali ya utekelezaji wa miradi. Mwandishi mpya huliona kabrasha kuwa zito na lenye lugha kavu, hivyo huliweka chini ya kiti na kusubiri madiwani wagombane. Mimi nawashauri mlisome kwa namna moja tu mwanzoni. Fungueni jedwali la miradi, mtazame safu ya fedha zilizoidhinishwa, kisha fedha zilizopokelewa, kisha zilizotumika, halafu mmalizie na safu ya mwisho kulia iliyoandikwa “maelezo”. Humo mtakuta maneno kama “utekelezaji unaendelea” au “mkandarasi yupo eneo la mradi”. Sasa chukueni kabrasha la robo iliyotangulia na mlinganishe. Kama maneno ni yaleyale, fedha iliyotumika ni ileile, na choo cha shule kiko palepale kwenye lenta, mmepata habari ambayo hakuna diwani aliyeitamka ukumbini, na mnaweza kwenda eneo la mradi kupiga picha kabla baraza halijakutana tena. Tunzeni makabrasha yote, hata yale yaliyochakaa. Ofisi nyingi hazina haraka ya kumtafutia mwandishi kabrasha la mwaka juzi.

Kuna hesabu nyingine rahisi ambayo waandishi wengi huiogopa bila sababu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, ukiondoa mapato lindwa, yaani yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na matatizo ya utaratibu, kisha ikarejeshwa. Kikokotoo cha simu kinatosha kuonyesha kama kilichotengwa kinalingana na kilichokusanywa, na mkipata orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, nendeni mkavitafute. Kikundi cha ufugaji wa samaki kisicho na kizimba wala bwawa kitawapa kazi ya wiki nzima.

Mabaraza ya madiwani huwa wazi kwa wananchi, ila kamati zake si hivyo, na mwenyekiti anaweza kutangaza kwamba baraza linajigeuza kuwa kamati, mkaombwa mtoke nje. Tokeni kwa heshima. Andikeni saa mliyotolewa, ajenda iliyokuwa mezani na sababu iliyotolewa, kwa kuwa msomaji anastahili kujua ni jambo gani lililojadiliwa bila yeye kuwapo. Baadaye mzungumze na madiwani zaidi ya mmoja, na mjihadhari na yule anayekuwa mwepesi mno wa kusimulia, kwani mara nyingi anasimulia ugomvi wake.

Jambo linalopotoshwa kuliko yote katika habari zetu za siasa ni hati za ukaguzi, nami nitakaa hapo kidogo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na ripoti hizo huwasilishwa bungeni Aprili. Baada ya hapo kila halmashauri iliyopata hati inayoridhisha, ambayo sote tumezoea kuiita hati safi, huisherehekea kana kwamba imepewa cheti cha uadilifu, nasi tunaandika vichwa vya habari vya pongezi. Hati hiyo inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa ipasavyo na zinaonyesha hali halisi ya hesabu katika mambo ya msingi. Haisemi kwamba bei ya madawati ilikuwa ya haki, wala kwamba darasa lililojengwa lina ubora, wala kwamba hakuna aliyeiba. Halmashauri inaweza kupata hati safi ikiwa na hoja nyingi za ukaguzi, yaani kasoro ambazo mkaguzi anataka zijibiwe, na hoja hizo ndizo habari. Tafuteni kikao maalumu cha baraza cha kujadili hoja, ambacho kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka viongozi wa mkoa wakiwapo, mwulize ni hoja ngapi zimefungwa, zipi ni za miaka ya nyuma, na kwa nini hoja moja inahamishwa kutoka ripoti hadi ripoti huku wakuu wa idara wakibadilishwa vituo.

Miongoni mwa hoja hizo mtakutana na maneno “matumizi ya fedha mbichi”, yaani fedha iliyokusanywa na kutumika kabla ya kupelekwa benki. Karatasi peke yake haitawafundisha maana yake. Nendeni Mwaloni pale Kirumba alfajiri, magunia ya dagaa yanaposhushwa, mkasimame karibu na mkusanya ushuru na kuangalia nani anapewa risiti ya mashine na nani anaambiwa apite tu. Wafanyabiashara wa pale wanajua viwango vya ushuru kwa kichwa kuliko madiwani wengi, na wakishawazoea watawaeleza mashine “inapoharibika” huwa ni saa ngapi. Hata hivyo, neno la mfanyabiashara mmoja ni mwanzo wa kazi tu. Ombeni kuona risiti, mpige picha, mlinganishe tarehe, kisha mmwulize mweka hazina.

Kuhusu bahasha, yaani fedha ambayo mwandishi hupewa na anayemwandika, sitazunguka. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanaolipwa kwa stori iliyochapishwa au kurushwa, na malipo hayo hayatoshi hata daladala ya kutoka Nyakato hadi mjini na kurudi kwa wiki. Mwenye kikao anapowapa “nauli” anajua hilo. Wenye vyombo wanaojitokeza kulaani bahasha huku wakichelewesha malipo ya korespondenti kwa miezi wanapaswa kusikia lawama hiyo kwanza. Lakini na ninyi mjue kwamba kada anayekulipia nauli leo atakupigia simu siku utakayogusa tenda ya mdogo wake, na hatahitaji kukutisha. Ikibidi kuwe na usafiri wa msafara, mhariri wako ajue, na stori iseme hivyo.

Sheria zisomeni wenyewe, msisimuliwe. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30, nayo haitumiwi inavyostahili. Pelekeni barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ukimya wa ofisi baada ya siku hizo una uzito kwenye stori pale tu mnapoweza kuthibitisha kwamba mliuliza. Sheria ya Huduma za Habari, nayo ya mwaka 2016, ndiyo inayogusa ithibati na kitambulisho chenu. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2019 kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho yalifanywa mwaka 2023, hivyo nakala ya zamani mliyopewa chuoni huenda isiwafae. Kuhusu usalama, majina ya Daudi Mwangosi, aliyeuawa kazini Nyololo mkoani Iringa tarehe 2 Septemba 2012, na Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena, yanatosha kuwakumbusha kumwachia mhariri taarifa ya mnakokwenda.

Uchaguzi una sura yake. Ule wa mitaa, vijiji na vitongoji, kama uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024, husimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na ule wa Rais, wabunge na madiwani husimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Waandishi wapya huchanganya mambo haya mawili na kupeleka malalamiko ya wananchi kwa ofisi isiyohusika. Kwenye uchaguzi wa mitaa, wiki ya uteuzi ina habari kuliko siku ya kura, kwa sababu huko ndiko wagombea huenguliwa. Ombeni kuona sababu iliyoandikwa na rufaa iliyokatwa, msitosheke na maelezo ya pande mbili zinazolaumiana. Katika uchaguzi mkuu, kura huhesabiwa kituoni na matokeo hubandikwa nje. Yapigeni picha vituo mnavyovifikia kabla mvua haijaichana karatasi, kisha mlinganishe na yatakayosomwa kwenye majumuisho. Msitegemee kutuma kila kitu papo hapo. Intaneti ilikatwa siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, na aliyekuwa na daftari lenye namba ya kituo, saa na idadi ndiye aliyebaki na kitu cha kuandika.

Mwisho ni haki ya anayetajwa. Mpigieni siku mbili au tatu kabla ya kuchapisha, badala ya saa moja jioni wakati ukurasa unafungwa, mmweleze tuhuma yenyewe kwa ukamilifu wake, na mwandike saa mliyopiga na alichojibu. Mkurugenzi aliyepewa muda mara nyingi hutoa hati ambayo msingeipata kwa njia nyingine, wakati mwingine ili kujitetea, wakati mwingine ili kuelekeza kidole kwa idara jirani. Pokeeni zote mbili, mzithibitishe, na kama jibu lake linaivunja stori, mwambieni mhariri siku hiyohiyo.