Albamu ya filamu: ipewe makala yake, au ikae ndani ya makala ya filamu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma, upande wa Chimwaga. Mimi na wenzangu wachache tunaandika Wikipedia ya Kiswahili kwa kujitolea, hasa mambo ya filamu na muziki. Nimeanzisha makala fupi kuhusu albamu iliyotoka pamoja na filamu ya Black Panther. Mwenzangu mmoja ameweka kigezo (bango la tahadhari) juu ya ukurasa, anataka makala hiyo iunganishwe na ile ya filamu. Mwingine anasema hapana, tena zinahitajika makala tatu: ya filamu, ya albamu ya Kendrick Lamar na ya muziki wa Ludwig Göransson. Majina ya kurasa na jamii (makundi ya kurasa) navyo tumevigombania. Tumepiga kura, tukatoka sare. Tufuate nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo sare isikusumbue, kwa sababu Wikipedia haiamui mambo ya namna hii kwa kuhesabu mikono. Wahariri huweka hoja kwenye ukurasa wa majadiliano, na anayefunga mjadala hutazama nani ameleta vyanzo na nani ameandika tu "naunga mkono". Hoja moja iliyosimama juu ya vyanzo vya kuaminika huzishinda sauti tano zisizo na kitu. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mjadala wa kufuta makala kwa kawaida huachwa wazi siku 7, na ule wa kuunganisha mara nyingi hukaa zaidi. Nyinyi mko wachache na mna vipindi vya darasani, kwa hiyo peaneni muda wa kutosha kila mmoja alete alichosoma.

Ugomvi wenyewe ni wa siku nyingi. Mhariri wa filamu huuona muziki kama sehemu ya kazi ya mwongozaji, sawa na mavazi na upigaji picha, na kwake aya tatu ndani ya makala ya filamu zinatosha. Mhariri wa muziki huona albamu iliyotoka na jina lake, tarehe yake, lebo yake na nafasi yake kwenye chati. Sisi wakutubi tumeishi na mgawanyiko huohuo rafuni: kwa mpango wa Dewey, vitabu vya filamu hukaa 791.43 na vya muziki wa filamu 781.542. Ni rafu mbili zilizo mbali kabisa, na rekodi za katalogi ndizo zinazomwelekeza msomaji kutoka moja kwenda nyingine. Kutenganisha si kosa, mradi kielekezi kipo. Kosa ni kufungua rekodi mpya isiyo na la kusema.

Ndiyo maana swali la kwanza si kama albamu ipo. Ipo, imeuzwa, watu wanaisikiliza. Jiulize hivi: ukiondoa orodha ya nyimbo na majina ya walioshiriki, unabaki na nini ambacho mtu asiye na maslahi na albamu hiyo amekwisha kukiandika? Mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza kuhusu albamu unakwenda hivyohivyo. Hata albamu inayostahili kutajwa haipewi makala yake kama hakuna maelezo ya kutosha, na makala isiyoelekea kuvuka orodha ya nyimbo huunganishwa na makala kubwa inayohusika. Pia umaarufu wa filamu haurithiwi na albamu yake. Filamu inaweza kujaza kumbi dunia nzima na bado muziki wake ukakosa hata uhakiki mmoja uliouchambua. Kurasa za maduka ya muziki, IMDb (hifadhidata ya filamu) na Discogs (hifadhidata ya rekodi za muziki) hazikusaidii hapa. Zile za dukani zipo ili kuuza, na hizo nyingine hujazwa kwa sehemu kubwa na watumiaji wenyewe.

Sasa tuiweke Black Panther kwenye kipimo hicho, maana ni mfano mzuri kuliko mlivyodhani. Filamu ya Ryan Coogler ilitoka Februari 2018, na muziki wake ulitoka kwa albamu mbili mwezi huohuo. Ya kwanza, Black Panther: The Album, ilisimamiwa na Kendrick Lamar pamoja na lebo ya Top Dawg Entertainment. Ndani yake wamo wasanii wa Afrika Kusini kama Babes Wodumo, Sjava na Yugen Blakrok, na ilifika namba moja kwenye chati ya Billboard 200. Nyimbo zake chache tu ndizo zinazosikika ndani ya filamu; nyingi zilitungwa kutokana na filamu, zikabaki nje yake. Hilo ni jambo kubwa kwa mjadala wenu. Ukiibana albamu hii ndani ya makala ya filamu, utajikuta unaeleza nyimbo ambazo mtazamaji hakuzisikia ukumbini, wahakiki waliozipima kama kazi ya rapu, na wimbo "All the Stars" ulioteuliwa kuwania Oscar. Sehemu hiyo itaimeza filamu. Albamu ya Lamar ina maisha yake, na makala yake ni halali. Kwa hili nakuunga mkono wewe dhidi ya aliyeweka kigezo.

Albamu ya pili ni ya Göransson, mtunzi kutoka Sweden, yenye muziki wa ala uliotungwa kusindikiza matukio ya filamu. Hapa vyanzo pia havikosekani. Muziki huo ulipata Oscar na Grammy mwaka 2019, na utengenezaji wake umeelezwa kwa kirefu: Göransson alikwenda Senegal, akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal, akarekodi ngoma ya tama inayosikika T'Challa, shujaa wa filamu, anapotajwa, kisha akapitia rekodi za maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoko Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Tracey huyo ndiye aliyepita Tanganyika mwaka 1950 na vifaa vyake vya kurekodia, na nyimbo za Wagogo zimo katika alichokusanya. Nyinyi mnaoandika kutoka Dodoma mna sababu ya kulijua hilo, ingawa mahali pake ni kwenye makala ya Tracey au ya muziki wa Wagogo. Msiliingize kwenye makala ya filamu kwa sababu tu linatupendeza.

Kwa hiyo kwa upande wa vyanzo, mwenzenu wa makala tatu hajakosea. Hata hivyo ningemwomba asubiri. Muziki wa Göransson umefungamana na filamu tukio kwa tukio: ngoma hii inaingia hapa, filimbi ile ni ya Killmonger, adui wa T'Challa. Mtu anayesoma habari za filamu anayataka maelezo hayo papo hapo. Kijana wa Mpwapwa au Kongwa anayesoma kwa simu na kifurushi kidogo hapaswi kufungua kurasa tatu, mbili kati yake zikiwa mbegu (makala fupi mno) za mistari minne, ili apate habari moja. Wikipedia ya Kiswahili ina wahariri wachache, na kila ukurasa mpya ni ukurasa wa kulindwa dhidi ya waharibifu na wa kusahihishwa kila siku. Andikeni sehemu ya muziki ndani ya makala ya filamu, iandikwe vizuri, na vyanzo viwekwe. Ikifika aya sita au saba na kuanza kuizidi sehemu ya utengenezaji, itoeni iwe makala yake na muache muhtasari wa aya moja. Makala inayozaliwa hivyo huanza na nyama tayari. Na ile uliyoianzisha wewe, kama bado ina orodha ya nyimbo tu, ijaze upesi. Haki ya kuwapo inayo, lakini kwa hali yake ya sasa huwezi kumlaumu mtu aliyeiona haina kitu.

Wahariri wengine hupendekeza njia ya kati: makala moja iitwayo "Muziki wa Black Panther", yenye albamu zote mbili ndani yake. Ina faida, maana hadithi nzima ya muziki hukaa pamoja. Wanaoipinga husema hakuna albamu yenye jina hilo, sanduku la taarifa (jedwali la pembeni mwa makala) halijui lionyeshe lebo ipi na tarehe ipi, na msomaji anayemtafuta Lamar hukutana kwanza na muziki wa ala. Naiona inafaa zaidi kwa mifululizo mirefu ya filamu, ambako tungo moja hurudi filamu baada ya filamu. Kwa filamu moja yenye albamu mbili zisizofanana, inachanganya.

Msichukue uamuzi huu mkaufanya sheria ya filamu zote. Albamu ya The Lion King ya 1994 ilibeba nyimbo za Elton John na Tim Rice pamoja na muziki wa Hans Zimmer katika diski moja, kwa hiyo kuigawa makala kwa nyimbo huku na muziki wa ala kule ni kuvunja kitu kilichotoka kikiwa kimoja. Toleo refu zaidi la 2014 nalo huelezwa ndani ya makala ileile, kwani kutolewa upya hakuizai albamu mara ya pili. The Bodyguard ya 1992 ni kinyume chake. Albamu iliyopambwa na sauti ya Whitney Houston iliuza zaidi ya nakala milioni 40 na kupata Grammy ya albamu ya mwaka, na wapo wengi walioisikiliza miaka nenda rudi bila kuiona filamu. Hakuna atakayethubutu kuifanya aya ya makala ya filamu.

Filamu za Kihindi, ambazo wazazi wenu walizifuata sana, zina mjadala wake. Nyimbo mara nyingi hutoka kabla ya filamu na ndizo zinazoitangaza. Anayeonekana akiimba siye mwenye sauti. Waimbaji kama Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi waliimba nyuma ya nyuso za waigizaji. Basi kwenye sanduku la taarifa "msanii" awe nani? Desturi iliyoshika ni kumweka mtunzi wa muziki, kwa mfano A. R. Rahman, na kuwataja waimbaji mbele ya kila wimbo ndani ya orodha. Naikubali desturi hiyo, maana albamu moja inaweza kuwa na waimbaji wanane na mtunzi mmoja. Kwa filamu zetu za Bongo suala ni rahisi. Nyingi hazikutolewa na albamu ya muziki, kwa hiyo muziki wake huelezwa ndani ya makala ya filamu.

Kuhusu majina. Albamu yenye jina lake kamili huitwa kwa jina hilo: Black Panther: The Album haihitaji mabano yoyote. Mabano huja pale vitu viwili vinapogongana kwa jina, kama Vuta N'kuvute, ambayo ni riwaya ya Adam Shafi ya 1999 na pia filamu ya Amil Shivji ya 2021, zinazotenganishwa kwa "(riwaya)" na "(filamu)". Muziki wa Göransson ukipata makala yake, "Black Panther (muziki wa filamu)" linaeleweka na mtu yeyote. Msiongeze mwaka kwenye mabano kama hakuna kingine cha kugongana nacho.

Kwenye jamii ndipo wengi huharibu. Jamii inaeleza kile ambacho ukurasa unakihusu. Makala ya albamu ya Lamar iingie "Albamu za 2018" na jamii ya albamu za filamu, zote mbili, kwani moja inahusu mwaka na nyingine aina. Isiingizwe kwenye jamii ya albamu za kila msanii aliyeshiriki wimbo mmoja. Hapo itabeba jamii 20 zisizomsaidia mtu. Makala ya filamu isiwekwe kabisa kwenye "Albamu za 2018" hata kama ina sehemu ndefu ya muziki, la sivyo filamu itatokea katikati ya orodha ya albamu. Kwa muziki wa Göransson, ambao kwa sasa hauna makala yake, tengenezeni ukurasa wa kuelekeza wenye jina la albamu, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya muziki ya makala ya filamu, na jamii za albamu ziwekwe kwenye ukurasa huo wa kuelekeza. Atakayeitafuta ataifikia, na orodha itabaki safi. Wengi hawajui kwamba ukurasa wa kuelekeza unaruhusiwa kuwa na jamii, na ujuzi huo peke yake umemaliza mabishano mengi ya kuunganisha.

Wikidata, hifadhidata inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, ni rahisi zaidi. Huko filamu ni kitu kimoja na kila albamu ni kitu chake, hata kama hakuna makala, na sifa P406 huiunganisha filamu na albamu zake. Huko hakuna haja ya kugombana.

Jambo la mwisho ni la leseni. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya CC BY-SA, leseni huria inayodai waandishi watajwe, na kila aliyeandika ana haki ya kutambuliwa. Mnapobadilisha jina la makala tumieni kitufe cha kuhamisha, msinakili maandishi na kuyabandika kwenye ukurasa mpya, maana mkifanya hivyo historia ya waandishi hubaki kwenye ukurasa wa zamani. Mkichukua aya kutoka makala moja kwenda nyingine, andikeni kwenye muhtasari wa uhariri zimetoka makala gani, na kama makala nzima imeunganishwa na nyingine, ukurasa wake wa zamani ugeuzwe kuwa wa kuelekeza badala ya kufutwa. Mwambieni hivyo na aliyeweka kigezo. Kigezo chake kiondolewe baada ya kuandika sababu kwenye majadiliano, naye akaribishwe kuandika ile sehemu ya Göransson, kwa sababu aliyejali kiasi cha kuweka kigezo huwa amekwisha soma.