Mgongo ulioumia kazini: maelezo ya siku ya kwanza ndiyo yenye uzito

Pole sana ndugu. Umeuliza utathibitishaje kwamba mgongo uliumia kazini wakati mwajiri anasema ni umri tu. Kama hujatoa taarifa kwa maandishi, toa leo, ubaki na nakala. Kwa daktari usiseme "mgongo unauma" ukanyamaza: taja siku, saa, ulikuwa unanyanyua nini, maumivu yakashukia mguu upi. Hakikisha ameyaandika kwenye faili. Picha ya MRI (kipimo kinachoonyesha ndani ya mgongo) peke yake haitoshi. Diski (vijito laini kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa huonekana hata kwa wasioumwa kitu, na hapo ndipo upande wa mwajiri watakapong'ang'ania. Tatizo la zamani usilifiche (wataligundua tu). Katika nchi nyingi, kazi ikilizidisha bado unadai fidia. Na wenzako waliokuona umeshika kiuno, chukua maelezo yao kabla hawajahama.