Kukata rasta za mvua za kaunti 47 kwa skripti: gridi, bahari na jina la Murang'a

Mwenzetu ameuliza kwa nini skripti yake ya QGIS (programu ya ramani), inayokata rasta, yaani picha za vipimo zilizogawanywa kwa vimraba viitwavyo pikseli, za CHIRPS (makadirio ya mvua ya kila mwezi) kwa mipaka ya kaunti 47 za Kenya, inatoa vipande ambavyo pikseli zake hazilingani vikiwekwa pamoja, inatoa wastani wa mvua ulio chini ya sifuri kwa kaunti za pwani, na inakwama kila inapofika Murang'a. Kazi ya namna hii nimeifanya kwa muda mrefu, kwa data za mvua na za miinuko, na kwa maoni yangu matatizo yote matatu yana chanzo kimoja: skripti imeachiwa iamue mambo ambayo mwandishi wake alipaswa kuyaamua kabla ya kuiendesha.

Nianze na gridi, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. CHIRPS ina pikseli za nyuzi 0.05, yaani takriban kilomita 5.5 kila upande kwenye ikweta. Zana ya QGIS ya kukata rasta kwa poligoni, yaani umbo la mpaka, huiita gdalwarp, programu ya amri ya kukata na kupanga upya rasta, nyuma ya pazia (amri nzima huonekana kwenye dirisha la kumbukumbu za zana hiyo, na ni vizuri kuisoma kila mara), na gdalwarp ikipewa -crop_to_cutline (kata hadi kwenye mpaka) bila maelekezo mengine inaweza kuanza kuhesabu pikseli kutoka kwenye ukingo wa poligoni badala ya kufuata gridi ya faili la asili, hasa pale unapobadilisha mfumo wa majiranukta kwa amri hiyo hiyo. Kwa kuwa kila kaunti ina ukingo wake, kila kaunti hupata gridi yake, na thamani za mvua husogezwa bila onyo lolote. Dawa yake ni kuitajia ukubwa wa pikseli (-tr) na kuilazimisha ifuate vigawe vya ukubwa huo (-tap):

gdalwarp -cutline kaunti.shp -cwhere "NAMBARI = 21" -crop_to_cutline -tr 0.05 0.05 -tap -srcnodata -9999 -dstnodata -9999 -co COMPRESS=DEFLATE mvua.vrt kaunti_021.tif

Hata hivyo, -tap isichukuliwe kuwa kinga ya kila rasta. Inafaa kwa CHIRPS, na inafaa kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo kingo za pikseli zake za mita 10 huangukia kwenye vigawe vya 10. Landsat, setilaiti nyingine za picha, ni tofauti: pikseli zake za mita 30 zina vitovu, si kingo, kwenye vigawe vya 30, kwa hiyo -tap huisogeza gridi nzima kwa mita 15. SRTM nayo, ile data ya miinuko iliyokusanywa na chombo cha angani cha Endeavour mwezi Februari 2000, imepangwa kwa namna hiyo hiyo, ndiyo maana kigae chake kimoja cha nyuzi moja kina pikseli 3601 kila upande badala ya 3600. Kwa data hizo mbili mimi hutumia rasterio.mask, zana ya kukata rasta ya lugha ya programu ya Python, ikiwa na crop=True, kwa sababu yenyewe huchukua dirisha la pikseli zilizopo na kufuta zilizo nje ya poligoni, bila kukokotoa upya thamani yoyote.

Wastani ulio chini ya sifuri unatokana na bahari. CHIRPS hukadiria mvua ya nchi kavu tu, na mahali pa bahari huwekwa -9999. Programu isipoambiwa kwamba hiyo si mvua, huijumlisha pamoja na mvua halisi ya Kilifi au Lamu. Hiyo ndiyo kazi ya -srcnodata katika amri ya hapo juu. Kuna wanaokimbilia kuweka sifuri iwe alama ya kukosekana kwa data, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu Turkana na Marsabit zina miezi ambayo sifuri ni kipimo halali cha mvua, na ukiifuta utakuwa umefuta ukame wenyewe.

Pwani hiyo hiyo inaleta swali la pikseli za mpakani. Kwa kawaida pikseli huhesabiwa kuwa ya kaunti iwapo kitovu chake kimo ndani ya poligoni. Kwa Turkana utaratibu huo hauna madhara makubwa, lakini Mombasa ina kilomita za mraba 220 hivi za nchi kavu, na pikseli moja ya CHIRPS inafunika takriban 30, kwa hiyo kupoteza pikseli mbili za ukingoni ni kupoteza zaidi ya robo ya kaunti. Unaweza kuongeza -wo CUTLINE_ALL_TOUCHED=TRUE ili kila pikseli inayoguswa ichukuliwe, ila ujue kwamba pikseli za mpakani zitahesabiwa kwa kaunti zote mbili zinazopakana.

Kuhusu Murang'a, tatizo ni ile alama ya ' iliyo kwenye ng'. Katika sharti la -cwhere, linalochagua kaunti ya kukatwa, maandishi huwekwa kati ya alama hizo hizo, hivyo jina hukatika katikati na amri hukataliwa. Unaweza kuirudia alama mara mbili, 'Murang''a', lakini baadhi ya shepufaili (mafaili ya mipaka) zina alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na hapo sharti halitapata kaunti yoyote. Ndiyo maana kwenye mfano wangu nimetumia nambari rasmi za kaunti, kuanzia 001 ya Mombasa hadi 047 ya Nairobi, na nambari hizo zinafaa pia kwa majina ya mafaili, kwani Taita Taveta na Trans Nzoia zina nafasi ambazo huvuruga skripti nyingi.

Jambo la mwisho ni wingi wa mafaili. Miezi ya 1981 hadi 2020 ni 480, na ukiikata mmoja mmoja kwa kaunti 47 utapata mafaili 22,560, ambayo hakuna mtu atakayeyakagua. Iunganishe miezi kwanza kwa gdalbuildvrt -separate, ukitumia orodha iliyopangwa kwa tarehe (hapo ndipo linapotoka faili la mvua.vrt la amri ya hapo juu), kisha ukate mara 47 tu. Kila kaunti itakuwa na faili moja lenye bendi 480, yaani tabaka moja kwa kila mwezi. Na kama unachohitaji ni wastani wa kila kaunti peke yake, usikate kabisa: zana iitwayo exactextract itakupa wastani huo moja kwa moja kutoka kwenye rasta nzima, ikiipa kila pikseli ya mpakani uzito kulingana na sehemu yake iliyomo ndani ya kaunti, na Mombasa itapata haki yake bila kuongezewa sehemu ya Kilifi au Kwale.