Jibu: Kutoka Mtwara hadi Ziwa Nyasa

Mkuu, umeuliza kama inawezekana kutoka hapa Mtwara kwenda Ziwa Nyasa bila kupitia Dar. Inawezekana kabisa: Masasi, Tunduru, Songea, Mbinga, kisha unateremkia Mbamba Bay. Lami ipo. Usijaribu kuimaliza kwa siku moja, lala Songea. Asubuhi pita Makumbusho ya Majimaji. Mashujaa wa Vita vya Majimaji walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kila Februari wanakumbukwa pale.

Ukitaka simba na tembo, ziwani si mahali pake. Utajiri wa Nyasa uko majini. Vaa miwani ya kuogelea, inamia kwenye mawe: mbuna, samaki wadogo wa miambani, wa bluu na wa njano wamejaa, aina mamia zisizopatikana popote pengine duniani. Ila waulize wavuvi kwanza kuhusu mamba.

Jioni ulizia ngoma: mganda ni wa wanaume, kioda ni ya akina mama. Ukila mbasa, samaki wa ziwa hilo, wa kuchoma, changu wa baharini wa Shangani hapa Mtwara utamsahau (watani zangu wavuvi mnisamehe). Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, ingawa upepo wa kusini huchafua ziwa siku nyingine.