Mgonjwa akitaka kuagiza, mwacheni aagize

Huku kwetu mgonjwa akianza kuzungumzia kifo chake, ndugu humfunga mdomo kwa sala. "Usiseme hivyo, utapona kwa jina la Yesu." Marehemu baba yangu, mvuvi wa Kirumba, Mwanza, aliumwa saratani ya umio, na alikuwa na mengi ya kusema: nani ana deni la nyavu, injini ya mtumbwi ibaki kwa nani, na kwamba azikwe Magu kwa wazazi wake, si mjini. Kila akianza, mtu anakemea pepo.

Aliyetuokoa ni shangazi. Alifika kutoka Magu, akatandika mkeka pembeni ya kitanda, akasema, "Haya kaka, agiza. Mimi nasikia." Waliongea jioni nyingi. Siku moja baba akamuuliza kama kufa kunauma. Shangazi akajibu, "Sijui, kaka. Ila tutawaambia wakupe dawa ya maumivu." Jibu hilo lilimtuliza kuliko mahubiri yote, nami nawashauri mlichukue kama lilivyo. Na dawa ipo: waulizeni wauguzi kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na morfini ya maji. Wengi huikataa wakidhani inaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, inachofanya ni kupunguza maumivu, na mtu akishapata nafuu kidogo ndipo anapata nguvu ya kuaga watu wake.

Mtasikia pia habari za hatua tano anazopitia mtu anayekabiliwa na kifo: kukataa, hasira, kubembeleza, sonona, kukubali. Zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyezungumza na wagonjwa mahututi kule Chicago na kuzichapisha mwaka 1969. Zingatia: alikuwa akiwasikiliza wanaokufa, yaani alifanya kazi ya shangazi. Waliozigeuza ratiba ya wafiwa walikuja baadaye. Mimi hasira ilinijia baada ya kukubali, ikaondoka, ikarudi siku ya soko pale Mwaloni nilipoona mtu kavaa kofia kama ya baba. Usijipime kwa hatua za mtu mwingine.

Msiba wenyewe tunauweza. Turubai linafungwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, wanaume wanaota moto nje, akina mama wanasonga ugali wa watu mia, na mfiwa hapati nafasi ya kuwa peke yake. Kazi inaanza matanga yakishaanuliwa. Wiki ya tatu mjane anabaki na karatasi: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, muhtasari wa kikao cha ukoo, mirathi mahakama ya mwanzo. Ukitaka kumsaidia kweli, nenda wiki hiyo. Panda naye daladala, kaa naye kwenye benchi la mahakama, shika bahasha. Maneno si lazima. (Na wewe unayeuliza shamba litagawiwaje wakati turubai bado limesimama, Mungu anakuona.)

Wapo wenye msiba usio na kaburi, na sisi wa ziwani tunawajua. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, wengi walizikwa pamoja Igoma, hapa Mwanza. Wengine hawakuonekana kabisa. Septemba 20, 2018 ikawa zamu ya kivuko cha MV Nyerere, karibu na kisiwa cha Ukara. Familia iliyokosa mwili usiiambie "sahauni sasa". Wasaidieni kupata mahali pa kumkumbukia: ibada, jiwe, mti nyumbani, au kwenda Igoma na wenzao.

Kwa wanaume, hili la "jikaze" tuliache msibani. Niliona kaka zangu wakijikaza, kisha wakahamia kwenye pombe.

Huzuni haina kikomo cha arobaini. Lakini kama zaidi ya miezi sita imepita, na mtu bado anamlilia marehemu karibu kila siku kiasi kwamba hawezi kazi wala kulea watoto, Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa unaotibika. Nenda zahanati, eleza, omba rufaa ya afya ya akili. Ukisikia mtu anasema anataka kumfuata marehemu, usingoje miezi. Mpeleke leo na usimwache peke yake.

Watoto nao waambiwe amekufa. Si "amesafiri". Mpwa wangu aliambiwa babu kasafiri, na kila gari likisimama nje alikuwa anakimbilia mlangoni, hadi shangazi alipomketisha na kumweleza. Alilia sana, akauliza kama babu anasikia baridi huko chini, akajibiwa hapana, akaenda kucheza.